Ubuyu Ndani ya Mtungi wa Tuzkala

Profesa alipokufa walinipigia simu kutoka chuoni kuniuliza kama ningependa kusema maneno machache kwenye hafla ya kumkumbuka. Msichana aliyepiga alikuwa na sauti ya upole na alitamka jina langu kwa uangalifu, Mwanahawa, kama mtu aliyelifanyia mazoezi. Nilimwambia nitakuja ila sitasema kitu. Ukweli ni kwamba nisingekwenda kabisa kama Gulnara, niliyeishi naye enzi zile, asingeniandikia kwamba amekuja Toronto kikazi na kwamba naye atakuwepo. Basi nikaketi kiti cha nyuma, koti langu mapajani, nikawasikiliza watu wazima wakipokezana kipaza sauti. Walimsifu kwa ucheshi wake, kwa ukarimu wake, kwa jinsi alivyofungua milango kwa wanafunzi wa kutoka nchi za mbali. Mmoja akasema marehemu alikuwa na kipaji cha kuwafanya wafu wazungumze. Hapo mate yakanijaa mdomoni, yale mate mepesi yanayotangulia kutapika. Ukutani mbele walikuwa wametundika picha yake kubwa, anacheka, midomo imelowa kidogo. Nilishindwa kuyaangalia macho yake. Nilikuwa naiangalia ile midomo.

Gulnara alinikuta nje kwenye baridi. Ameota mvi, amenenepa usoni, lakini bado anatembea kama mtu anayepita juu ya mchanga, anaweka unyayo wote kwa mara moja. Tulikumbatiana, kisha tukaingia kwenye mgahawa wa kahawa ng'ambo ya barabara. "Ulikula kitu mle ndani?" akaniuliza. Nikamwambia hata maji sikunywa. "Mimi nilijaribu biskuti," akasema, "ikagoma kushuka." Tukacheka kidogo, kicheko cha aibu. Wengine wakisikia habari hizi husema nina chuki na marehemu, na kwamba kumsema aliyekufa si uungwana. Mimi chuki naijua, huwa inapoa. Hiki ninachokisema ni kinyaa, na kinyaa hakizeeki. Miaka kumi na tatu imepita na bado siwezi kuweka ubuyu kinywani.

Mwaka wenyewe ni 2006. Mimi na Gulnara tulikuwa tumepanga fleti katika mojawapo ya yale maghorofa ya Dixon Road, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilipita chini kiasi kwamba vikombe vilitetemeka kabatini, na Gulnara, aliyekulia kwenye tambarare yenye ukimya, alikuwa na tabia ya kuacha sentensi katikati, kusubiri ndege ipite, kisha kuimalizia palepale alipoiachia. Lifti ilinukia unsi, ule uvumba wa Kisomali, na kitunguu cha kukaanga. Jirani zetu wengi walikuwa Wasomali, na baadhi yao walikuwa wamepitia Mombasa, kwa hiyo nilikuwa napata Kiswahili changu humo kwenye lifti, kati ya ghorofa na ghorofa. Jikoni kwetu tulipokezana. Mimi nilipika wali na mchuzi wa samaki. Yeye alikanda unga, akausukuma mwembamba kama shuka, akaukata vipande vipana na kuvichemsha kwenye supu ya kondoo. Tulikula kutoka sinia moja, na kila mmoja aliona chakula cha mwenzake hakina chumvi. Dirisha la jikoni lilikuwa halifungi vizuri. Wakati wa baridi tulilisiliba kwa magazeti, na harufu zote za mwaka ule zikabaki na sisi.

Sote wawili tulifanya kazi katika maabara ya profesa, chumba cha chini ya ardhi chenye mabomba ya joto yanayopita darini. Tulikuwa tunaushughulikia mji mmoja tu. Wenyeji huuita Tuzkala, ngome ya chumvi, na uko kwenye delta ya mto Sirdaria, kule Kazakhstan, upande ambao zamani mto ulikuwa unamwaga maji yake katika Bahari ya Arali. Miaka elfu moja na zaidi iliyopita watu walijenga kuta za udongo juu ya visiwa vya matope, katikati ya matete, wakaishi humo vizazi kwa vizazi. Gulnara alizaliwa si mbali na pale. Alianza kuchimba Tuzkala akiwa bado shule. Mimi sikuwahi kufika. Nilikuwa naujua mji ule kupitia mifuko ya udongo iliyoletwa kwa kibali, ambayo kazi yangu ilikuwa kuilowesha, kuichekecha na kutenga mifupa ya samaki. Ukiulowesha ule udongo ulitoa pumzi ya kinamasi, harufu ya matete yaliyooza na moshi, iliyokuwa imefungwa humo muda wote huo ikisubiri maji. Niliipenda. Nilijua nyumba iliyokula kambare wakubwa na nyumba iliyoambulia vidagaa. Nilijua nani alitupa vichwa na nani alivichemsha mpaka mfupa ukawa laini kama chaki. Vigae vya vyungu vyao vilikuwa na masizi ambayo bado yalitia weusi vidole vyangu, na mara nyingine nilirudi Dixon Road nikapika nikiwa na hisia kwamba nimetoka jiko moja nikaingia jingine.

Profesa alipenda kuja kula pale. Alisimama juu ya sinia za mifupa na mkate wake wenye samaki wa kopo, makombo yakimdondoka, akilamba kidole ili afunue kurasa. Alikuwa mcheshi kweli, hilo siwezi kumnyima. Alikumbuka majina ya ndugu zetu, akatuletea chokoleti sikukuu zikifika. Alikuwa na ujuzi mmoja uliowafurahisha sana wageni: akiletewa kipande asichokijua kama ni jiwe au ni mfupa, alikigusa kwa ulimi. Mfupa wa kale una vitundu vidogo, hunata ulimini, jiwe halinati. Ni mbinu inayojulikana na watu wengi wa akiolojia huitumia, hata mimi nilikuwa nimeshaijaribu kwenye uti wa kambare. Wageni walishangaa, yeye akacheka na kujifuta mdomo kwa mkono wa shati.

Mwanzoni mwa mwaka aliniambia kuna mzee mmoja wa North York, mfanyabiashara kutoka kwetu Tanzania, anakusanya vitu vya kale na amesema atasaidia kujenga chumba cha maonyesho. "Anataka kumwona Mtanzania mwenzake," akasema. "Njoo tule naye." Gulnara hakualikwa. Huyo alikuwa Mzee Fida, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye masharubu yaliyokatwa vizuri. Alitufungulia mlango mwenyewe, akampa profesa mkono, kisha akanigeukia mimi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, binti yangu. Vua viatu, na Uzungu pia uvulie hapo mlangoni."

Nilicheka mpaka machozi yakanilengalenga, kwa sababu tangu nifike Kanada hakuna aliyewahi kunipokea hivyo. Mkewe tulimwita Mama Sukaina, kwa jina la binti yao mkubwa. Alitupakulia wali wa nazi, kuku wa kupaka na mkate wa kumimina, akasimama nyuma yangu akihakikisha sahani haipungui. Profesa alijaribu kula kwa mkono, mchuzi ukamfika kwenye saa. Mjukuu wao, msichana wa miaka sita hivi, alisemeshwa Kiswahili na bibi yake na kujibu kwa Kiingereza, na ulimi wake ulikuwa mwekundu kama aliyelamba rangi. Baada ya chakula tukahamia sebuleni, na hapo nikaona kulivyo: makabati ya kioo yenye taa ndani, mabakuli ya kauri yenye rangi, sarafu, kichwa cha jiwe kisicho na pua. Pembeni mwa kochi, sakafuni, ulisimama mtungi wa udongo wa kijivu, unanifika chini kidogo ya goti, shingo yake imekatwa.

"Huo nimeupata Dubai kwa wakala mmoja," akasema Mzee Fida. "Profesa akauangalia mara moja tu, akasema, Tuzkala. Si hivyo, Profesa?" Halafu kwangu, kwa Kiswahili: "Tia mkono, binti yangu. Usiogope. Mke wangu ameona mtungi mzuri hivi haufai kukaa mtupu."

Nilitia mkono. Ulikuwa na ubuyu, ule wa Unguja wenye sukari nyingi na pilipili manga kidogo, ambao sikuwa nimeuonja tangu niondoke nyumbani. Nilichota, nikala, nikachota tena. Mkono wangu ulizama karibu na kiwiko na vidole vikagusa kitu kigumu chini, kama saruji. Profesa naye akala, akazitema kokwa kwenye kiganja. Tulikaa tumezunguka mtungi ule tunamung'unya, Mzee Fida akisimulia maduka ya Tanga alipokuwa kijana, nami nikawaza kwamba sijapata kuwa na furaha namna hii katika mji huu. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Ile furaha ilikuwa ya kweli.

Mtungi ulikuja maabara majira ya baridi yanaisha. Mzee Fida alikuwa ameamua kuutoa zawadi ili uwe kitu cha kwanza kuonyeshwa, na profesa akanipa mimi kazi ya kuusafisha na kuandika ripoti fupi. Nikauinamisha, kokwa za ubuyu zilizosahaulika zikabingirika mezani. Chini lilibaki lile ganda gumu, tope la Tuzkala lililokauka, juu limekuwa la waridi kwa sababu ya sukari na rangi. Nililowesha taratibu kwa brashi. Harufu niliyoijua ikapanda, pumzi ya kinamasi, ila safari hii ilikuwa imechanganyika na utamu. Kisha vikaanza kutoka. Kwanza mbavu, nyembamba kama njiti za kuchokolea meno. Nilidhani ni ndege. Halafu kikatoka kile kipande cha fuvu kinachoshika sikio, kigumu kama kokoto, ambacho mtu akishakiona mara moja darasani hakisahau. Na pembeni yake vikofia vya meno ambayo hayajaota, vyeupe, vyepesi kama vipande vya ganda la yai. Kimoja kilikuwa kimenata na chembe ya ubuyu. Niliviweka kwenye pamba kimoja kimoja. Nilipomaliza niliinuka, nikatapikia kwenye beseni tulilokuwa tunaoshea vigae.

Gulnara alinikuta nimekaa sakafuni. Aliangalia pamba, akaangalia mtungi, akapitisha kidole kwenye ile shingo iliyokatwa. "Ni wa chini ya sakafu," akasema.

"Unamaanisha nini?"

"Walikata shingo ili aingie, wakafunika na bakuli. Tulishampata mmoja kama huyu nilipokuwa mwanafunzi, kwenye nyumba yenye jiko la udongo. Mtoto mchanga. Alikuwa amezikwa pale wanapolala, upande wa ukuta wenye joto." Ndege haikuwepo humo chini ya ardhi, lakini alinyamaza kama anaisubiri ipite. "Kila theluji ikiyeyuka tunakuta mashimo mapya pale mjini. Wanavunja sakafu, wanachukua mitungi, wanamwaga kilichomo. Huyu tope lilimshika, ndiyo maana amebaki."

Nilimwita profesa. Alikuja anatafuna, akainama juu ya pamba. Nilimwambia nilichokiona na nikamwonyesha kile kipande cha sikio. Alikichukua kati ya vidole viwili, akakigeuza, na kabla sijaelewa anataka kufanya nini akakiweka kwenye ncha ya ulimi. Kilinata. Alikibandua kwa ukucha, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Ni mfupa, ndiyo," akasema. "Mfupa wa ndege."

Gulnara alisema kitu kwa lugha yake. Mimi nilisema, "Profesa, ndege hawana meno."

"Mwanahawa." Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka. "Ukiandika mtoto, chuo hakiwezi kuupokea mtungi. Kutakuwa na kamati, kutakuwa na maswali umetoka wapi, mzee wa watu ataaibika bure. Tutapoteza chumba, na hiki kitu kitarudi sebuleni kwake. Ukiandika ndege, kila mtu atakuja kuuona. Fikiria."

Nilifikiria, na nikamwambia sitaandika. Hakukasirika. Alinipa likizo. Siku mbili baadaye nilirudi kuchukua koti langu nikamsikia anazungumza nyuma ya ukuta wa mbao unaotenga ofisi yake, anacheka na mtu kwenye simu. "Mtoto wa miaka elfu moja hana wa kumdai," alisema. "Yule msichana wangu ana tumbo jepesi, basi." Nilisimama na koti mkononi. Nimeshatukanwa mara nyingi katika nchi hii, mara nyingine usoni, na yote yamenipita. Lile neno, msichana wangu, lilitoka kwenye ulimi uleule niliouona siku ile, na nikahisi kama limenigusa shavuni, limelowa.

Nilikwenda North York mchana, wakati Mzee Fida yuko kazini. Mama Sukaina alinikaribisha jikoni, akaniwekea chai ya tangawizi na kachori, akaniuliza mbona nimepungua. Nilikuwa nimepanga maneno ya kupindapinda njiani, nikajikuta nimesema yote kama yalivyo. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliinuka, akafungua bomba, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena hadi juu ya viwiko, akarudi kuketi bila kujifuta.

"Wa kiume au wa kike?" akauliza.

"Kwa umri ule mifupa haionyeshi, Mama."

"Aliwahi kunyonya?"

"Sijui. Huenda siku chache tu. Huenda hata hakuwahi."

"Nimewakaribisha wageni kwenye mtungi ule," akasema. "Sikukuu zote. Mtoto wa Sukaina alikuwa anaingiza kichwa chote ndani, anaita jina lake asikie mwangwi." Akatazama dirishani. "Na mimi nilicheka, nikampiga picha."

Mzee Fida alirudi tukiwa bado tumekaa. Kwa uso wa mkewe alijua kuna jambo, na jambo lenyewe akaonekana anajua nusu yake tayari. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake mwilini. "Binti yangu, haya mambo ni ya kisomo," akaniambia. "Huko makumbusho kote duniani wamejaa wafu, watu wanalipa kiingilio. Sisi wote tutakuwa udongo."

"Na mimi nikifa, Fida," akasema Mama Sukaina, "utanitia nini?"

Mzee Fida alikunja pindo la kitambaa cha meza kwa vidole, akalikunjua. Mwishowe akasema mtungi ameshautolea ahadi, jina lake limeshachongwa kwenye kibao, na hawezi kurudi nyuma mbele za watu. Nilimwona ni mtu aliyenipokea vizuri kuliko wote, na hapohapo niliyaona masharubu yake, kola yake safi, nikashindwa kuimeza kachori iliyokuwa mdomoni. Nilimshika mkono mkewe, nikaaga.

Ripoti iliandikwa na mwanafunzi mwingine aliyekuwa hajawahi kuona zaidi ya vigae. Ilisema ni mtungi wa kuhifadhia nafaka, na kwamba ndani mlikuwa na mabaki machache ya ndege, yasiyo na umuhimu. Gulnara aliisoma kwa sauti jikoni kwetu na ndege mbili zikapita bila yeye kusimama. Alitaka kuandika kwao, kwenye taasisi iliyotoa kibali cha udongo, ila kibali chake cha masomo kilitegemea saini ya profesa huyohuyo. Licha ya ile likizo, nilikuwa bado naruhusiwa kuingia maabara hadi mwisho wa mwezi, kukabidhi kazi. Ndipo mchana mmoja, mlango ukagongwa, akaingia Mama Sukaina. Alivaa koti jeusi refu na mkoba wa kwendea harusini, na alipotuona mimi na Gulnara hakutusalimu, alipita kama hatufahamiani. Profesa alitoka ofisini kwake, mikono ameinyoosha.

"Mume wangu amekupa mtungi," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Kilichokuwa ndani hakukupa. Nimekuja kukichukua."

"Bibi, ni mifupa ya ndege tu. Takataka."

"Umeandika hivyo?"

"Imeandikwa, ndiyo."

"Basi nipe takataka zangu."

Profesa alitugeukia. Nadhani kwa mara ya kwanza aliona mahali alipojifungia. Kama ni ndege, hakuna sheria ya kumzuia mama wa watu kuondoka nayo. Kama si ndege, ripoti ni uongo na mtungi hauwezi kukaa kwenye kioo. Alikuwa ananiangalia mimi, anasubiri niseme. Nami nilijua kwamba nikitamka pale, mbele ya shahidi, neno moja tu, mtoto, ukweli utakuwa umesemwa na yeye atakwama. Vilevile nilijua mtoto mwenyewe atawekwa kwenye boksi, boksi kwenye droo, na kamati zitakaa juu yake miaka. Gulnara alikuwa amesimama karibu nami. Yeye ndiye aliyekuwa na zaidi ya kupoteza, kwa sababu mji ni wake, na ile mifupa ndiyo iliyokuwa ushahidi pekee kwamba mtungi umeibwa kaburini. Nilimtazama. Alitikisa kichwa, polepole sana, kunikataza nisiseme. Nikafunga mdomo. Profesa akaingia ndani, akarudi na kifuko cha karatasi ya kaki, akampa Mama Sukaina na tabasamu lake lile lililolowa.

Hafla ya kufungua chumba ilifanyika, mtungi ukawekwa kwenye kioo na kibao cha jina la Mzee Fida, na watu walikunywa mvinyo wakiuzunguka. Sikwenda. Niliacha chuo mwaka uleule, nikajifunza kazi ya maabara ya hospitali, damu na mkojo wa watu walio hai, na sijawahi kuona kinyaa hata siku moja. Kwenye ule mgahawa wa kahawa Gulnara aliniambia sasa yeye ni mkuu wa makumbusho madogo ya kwao, na kwamba aliuomba mtungi urudishwe. Alijibiwa kwa heshima kwamba ni mtungi wa nafaka, asili yake haithibitiki, na wakamwambatishia ile ripoti. Ili tumzike, ilibidi awe ndege, na ndege atabaki kuwa. Tulikaa na hilo kati yetu pale mezani, na hakuna aliyejaribu kulipunguza.

Tulimzika majira ya kuchipua ya mwaka ule, Mama Sukaina, Gulnara na mimi. Jumuiya ya Mama Sukaina ina makaburi nje ya mji, upande wa kaskazini, ardhi bapa yenye upepo, na mama mkwe wake amelala huko. Alikuja na maua kwenye kopo la plastiki, na sepeto ndogo ya bustani, ili anayepita aone wanawake wanapanda maua kwenye kaburi la mzee wao. Hakuwa amemuuliza mtu yeyote ruhusa, si mumewe, si shehe. Alikuwa amekata kipande cha bafta nyumbani, akakifunga kile kifuko cha kaki humo ndani, kisha akaona haya, akafungua tena, akaitoa karatasi na kuiweka mfukoni, akavifunga vile vimfupa peke yake. Shimo nililichimba mimi. Nililichimba vizuri, kuta zimenyooka, kama nilivyofundishwa. Hatukujua wazazi wake walikuwa wa dini gani. Mama Sukaina akasoma Fatiha, nami nikaitikia. Gulnara alipiga magoti kwenye tope na kusema maneno mengi ya lugha yake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani. Tukafukia, tukapanda maua juu.

Ndani ya gari nilimuuliza alikuwa anasema nini.

"Nilimwambia kwamba mama yake hakumtupa," akasema. "Mto ulihama. Ulikwenda upande mwingine, visima vikawa chumvi, watu wakaondoka. Nilimwambia walisubiri kadiri walivyoweza."

"Unajua kwamba walisubiri?"

"Hapana," akasema Gulnara.

Mama Sukaina alikuwa anaendesha, mikono yake yenye udongo juu ya usukani. Tulipofika kwenye taa nyekundu alitoa ile karatasi ya kaki mfukoni, akaitazama. Profesa alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu, kwa herufi zake nzuri za mduara, neno moja, ndege. Mama Sukaina aliikunja mpaka ikawa ndogo, akashusha kioo, akaona lipo pipa la taka pembeni ya barabara lakini mkono haulifikii, akapandisha kioo tena. Akaendesha nayo kiganjani hadi nyumbani kwetu, Dixon Road.